Aliyetembea Nyuma Yake

Ofelia Bentancor alijua kuwa amefumaniwa pale mfupa ulipoanguka sakafuni.

Aliusikia ukigonga vigae vya jiko, karibu kabisa na kiatu chake. Gofio alikuwa amevuliwa mkanda wa kazi, na mbwa wa kuongoza vipofu akishavuliwa mkanda ni mbwa kama mbwa wengine: anaruka, analamba watu, anaiba. Mfupa ule wa ubavu wa ng'ombe, ulioachiwa nyama kwa makusudi, ulikuwa mbele ya pua yake. Lakini kucha zake zilikwaruza kushoto, zikakwaruza kulia, pua ikavuta pumzi kama ya mtu mwenye mafua, na kilipita kitambo kizima kabla meno hayajaupata.

Bi Zulma, mama wa mwanamume ambaye Ofelia alimpenda, alifunga bomba la maji.

"Hajauona," alisema.

"Uzee, Bi Zulma. Siku hizi amekuwa mvivu."

"Mvivu wa kazi namjua. Mvivu wa kula sijawahi kumwona, si kwa watu, si kwa mbwa." Sauti ilisogea, ikainama, na Ofelia akajua mama yule amepiga magoti na kumshika Gofio kichwa. "Mwanangu, mbwa huyu nimemlea mimi jikoni humu humu. Walipotuletea alikuwa anaenea kwenye kofia ya Wilmar. Alinitafunia viatu vyangu vya kanisani, akanilia soseji za Krismasi mbichi. Macho yake nayajua. Haya hapa yamepigwa ukungu."

Ofelia aliendelea kukausha sahani ambayo ilikwishakauka.

Maneno ya Bi Zulma yalikuwa kweli tupu. Katika mji wa Montevideo, shule ya mbwa wa kuongoza huwapa watu wa kawaida watoto wa mbwa wawalee kwa mwaka mmoja, wawazoeshe mabasi, ngazi na makelele, kisha huwachukua na kuwafundisha kazi. Wilmar Silvera, mwoka mikate wa mtaa wa Barrio Sur, alimlea Gofio, na ndiye aliyempa jina hilo kwa sababu manyoya yake yalikuwa na rangi ya unga wa mahindi yaliyokaangwa. Siku ya kumrudisha shuleni, mwanamume mzima alilia kwenye basi mpaka abiria wakampisha kiti.

Miaka ilipita. Jumapili moja, katikati ya gulio la vitu vya mitumba, Gofio alifanya kosa lake la kwanza na la pekee kazini: aliketi chini, akakataa kuendelea, akaanza kulia kama mtoto. Ofelia alimwamuru, akamsihi, akataka kumkemea. Ndipo ikaja sauti nene ya mwanamume aliyenukia mkate: "Gofio? Gofio, ni wewe?" Penzi lao lilianzia hapo, na mshenga wao alikuwa na mkia.

"Tangu lini?" aliuliza Bi Zulma.

"Tangu baridi ilipoingia. Mwezi wa sita alianza kugonga mapipa ya taka."

"Na hukwenda kwenye ile shule yenu wampime."

"Niliwaambia nina kazi nyingi."

"Kazi nyingi!" Bi Zulma alicheka bila furaha. "Mlipokuja leo nilikuwa dirishani. Mbwa hakusimama ukingoni mwa barabara. Uliyesimama ni wewe. Mguu wako ndio uliotangulia kutafuta ukingo, kisha ukamvuta kidogo, naye akasimama kwa sababu umesimama. Yeye hakuongozi tena. Wewe ndiye unayemwongoza, binti. Kipofu anamwongoza kipofu mjini, kweupe, mbele ya mabasi!"

Sahani iliteleza, Ofelia akaiwahi. Angeweza kusema mengi. Angeweza kusema kwamba kila asubuhi Gofio hujileta mwenyewe mlangoni na kuingiza kichwa ndani ya mkanda bila kuitwa, na kwamba hakuwa na moyo wa kumwambia kuwa basi, imetosha. Angeweza kusema kwamba alipopofuka akiwa na miaka kumi na tisa, dada yake Mabel alimshika kiwiko na hakukiachia kwa miaka minane. Mabel ndiye aliyemchagulia nguo, aliyejibu alipoulizwa yeye, aliyeamua lini amechoka. Gofio ndiye aliyemtoa kwenye kiwiko kile. Orodha ya kungoja mbwa mwingine ilikuwa ndefu, miaka na miaka. Mkanda ukivuliwa, Ofelia aliona mkono wa Mabel ukimngoja mlangoni.

"Wilmar anajua?" Bi Zulma aliuliza.

"Hajui. Nakuomba, Bi Zulma. Usimwambie."

"Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingefanya." Bi Zulma alivuta kiti, kikalia chini ya uzito wake. "Nikwambie ukweli, maana we mwenyewe si mtoto. Mimi sikutaki. Usinielewe vibaya: wewe ni mtu mwema, una kazi yako redioni, unaandika mahojiano yao haraka kuliko wenye macho. Lakini mwanangu anaoka usiku kucha, mchana analala. Mkizaa, nani atamwona mtoto akitia kitu mdomoni? Mimi? Mimi nina magoti haya."

"Wako vipofu wengi wanaolea watoto wao."

"Na wanawadanganya watu kwamba mbwa wao anaona?"

Hilo lilimwingia Ofelia kama mwiba.

"Mwambie leo," Bi Zulma alisema, taratibu sasa. "Jua likizama hujamwambia, nitamwambia mimi."

Mlango wa uani ulifunguliwa, harufu ya moshi wa nyama choma ikaingia, na nyuma yake akaingia Wilmar. Ofelia aliufahamu mwendo wake hata kwenye zulia. Vidole vyake vizito, vyenye makovu ya tanuri, vilimshika shingoni chini ya nywele, na pamoja na hofu yote aliyokuwa nayo, mwili wake ulimgeukia wenyewe.

"Mmenisengenya vya kutosha?" alitania Wilmar. "Masikio yananiwasha."

"Tulikuwa tunamsengenya mbwa," alisema mama yake.

Wilmar hakucheka. Ofelia alilisikia hilo, akalipuuza. Baadaye angelikumbuka.

"Mama, kaa hapo hapo, nataka usikie," Wilmar alisema. Alimshika Ofelia mikono yote miwili, na mikono yake ilikuwa na jasho. "Nimechoka kukupeleka mpaka mlangoni kwako na kurudi. Nataka tuoane kabla ya Krismasi. Uhamie hapa. Chumba cha mbele kina jua asubuhi, Gofio atalala kibarazani. Hutahitaji tena kuhangaika na barabara, Ofelia. Kuanzia siku hiyo mimi nitakuwa macho yako."

Wanawake wengi wangelia kwa furaha. Ofelia naye machozi yalimlenga, kwa kuwa alimpenda mwanamume yule mpaka alikuwa akilala na fulana yake chini ya mto. Lakini lile neno la mwisho alikuwa amelisikia kabla. Mabel naye alisema hivyo hivyo, zamani, kitandani hospitalini: mimi nitakuwa macho yako.

"Nipe muda kidogo," alisema.

"Muda upi tena, mpenzi?"

"Wilmar, wenzako wanakuita," Bi Zulma aliingilia.

Kweli walikuwa wakimwita. Huko nje, kwenye kona, wapiga ngoma wa mtaa walikuwa wamewasha moto wa magazeti na mbao ili kukaza ngozi za ngoma zao, kama wafanyavyo Jumapili zote. Wilmar alipiga ile ngoma kubwa kuliko zote, ya sauti ya chini, ambayo wao huiita piano. Alimbusu Ofelia kwenye paji la uso.

"Nikirudi unijibu," alisema. "Usiondoke."

Ofelia aliondoka.

Wala usimhukumu upesi. Mwenye siri akiambiwa jua likizama itatolewa, hawezi kukaa kulisubiri jua. Bi Zulma alipokwenda uani kuzima makaa, Ofelia aliuchukua mkanda msumarini. Gofio aliusikia mlio wa kishikizo, akaja mbio, akaingiza kichwa. Mkia wake ulipiga ukuta. Kazi! Ofelia alishika mpini, wakatoka kwa mlango wa mbele.

Njia ya kwenda kwake ilikuwa fupi na aliijua yote, kila mti ulioinua vigae na kila duka lenye ngazi. Utaratibu wa barabara nao ni huu: mbwa anasimama ukingoni, mwenye mbwa anasikiliza magari, na akiona kimya anatoa amri. Kama kuna hatari, mbwa anakataa. Shuleni waliwafundisha kwamba utii mkubwa wa mbwa ni ile siku atakapokukatalia. Gofio alikuwa amemkatalia mara nyingi zamani, na ndiyo maana Ofelia alikuwa hai.

Tangu baridi ilipoingia, Gofio hakuwa amemkatalia hata mara moja. Ofelia alitegemea masikio yake mwenyewe, na ajabu ni kwamba mambo yalikwenda vizuri mno. Hakuna gari lililompigia honi wala dereva aliyemtukana. Kila alipotoa mguu, barabara ilikuwa kama imefunguliwa kwa ajili yake. Akaanza kujiamini. Akajiambia kuwa wao wawili, yeye na mzee wake, wanaweza.

Walifika kwenye kona wakati ngoma zikianza.

Mtu ambaye hajasimama karibu na ngoma arobaini zikipigwa pamoja hawezi kujua. Zinaingia kwa miguu kabla ya masikio. Kuta zinazirudisha, vioo vinatetemeka, na mtu hasikii hata kikohozi chake mwenyewe. Ofelia alisimama ukingoni, akasikiliza barabara ya pembeni. Akasikia ngoma. Akageuza sikio la pili. Ngoma. Ndani yake, chini kabisa, aliitambua ile ya Wilmar, nzito, haina haraka, kama anavyoongea.

Angeweza kungoja wapite. Lakini kila pigo lilimwambia kuwa Wilmar atamaliza, atarudi, na mama yake atakuwa mlangoni. Akakaza mkono kwenye mpini.

"Mbele, Gofio."

Gofio alikwenda. Alimwamini.

Upepo ulimpiga usoni, ukafuatwa na joto la injini, kisha chuma kikakwaruza lami. Mpini ulichomolewa mkononi mwake kwa nguvu iliyoupinda mkono wote, goti lake likagonga barabara, na katikati ya ngoma zote arobaini alimsikia Gofio akilia.

"Gofio! Gofio!" Alikuwa akipapasa lami kwa mikono miwili. "Gofio, njoo!"

Ngoma moja ilinyamaza, ile ya chini. Kisha ya pili, kisha nyingine, mpaka mtaa mzima ukabaki na minong'ono. Kitu kikubwa cha mbao kilianguka na kubingirika, na miguu ikaja mbio.

"Mbwa gani huyu, kipofu au nini?" mwenye pikipiki alikuwa akifoka huku akijiinua. "Anaingia tu barabarani! Mbona hakusimama?"

Watu wote walimsikia. Hakuna aliyecheka.

Pua yenye unyevu ilimgusa Ofelia shavuni. Alimkumbatia Gofio, akampapasa shingo, mbavu, miguu. Alikuwa anatetemeka, anachechemea mguu wa mbele, lakini mfupa ulikuwa mzima. Mpini wa mkanda ndio uliovunjika. Mikono ya Wilmar ikawazungushia wote wawili, na moyo wake ulidunda mgongoni kwa Ofelia.

"Leo tu!" alikuwa akisema Wilmar, analia, hajui asemalo. "Leo tu sikuwepo! Siku moja tu!"

Ofelia aliacha kumpapasa mbwa.

"Umesemaje?" aliuliza.

*

Bi Zulma aliwarudisha ndani, akawafungia mlango majirani, akamfunga Ofelia kitambaa chenye barafu kwenye kifundo cha mkono. Kisha akakaa. Hakuna aliyethubutu kumwambia atoke, nyumba ni yake.

"Umesema leo tu hukuwepo," Ofelia alianza. "Siku nyingine ulikuwa wapi?"

Wilmar alikuwa akitembea chumbani, huku na huku. Alisimama.

"Nyuma yako."

"Nyuma yangu wapi?"

"Kila asubuhi. Nikitoka tanurini nakuja kungoja mkabala na mlango wako. Unapotoka nakufuata mpaka redioni. Ukishaingia, narudi kulala, na jioni nakungoja tena nje."

Ofelia aligeuza uso kwenye sauti yake.

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa sita. Nilimwona Gofio akigonga pipa pale kwa muuza magazeti. Nikajua papo hapo. Mimi ndiye niliyemlea, Ofelia. Nilijua kabla hujajua wewe."

"Na magari?"

"Nilikuwa nashuka barabarani, nainua mkono. Madereva wa mabasi ya asubuhi wamenizoea. Wananiona tu, wanapunguza mwendo."

Basi ndiyo maana. Barabara zote zile zilizofunguka mbele yake, asubuhi zote alizotembea kichwa juu na kujiambia kuwa wao wawili wanaweza. Hazikuwa zake. Aliazimwa bila kuambiwa.

"Harufu ya mkate," alisema polepole.

"Ofelia..."

"Nilikwambia. Nilikwambia kitandani kwangu, kwa mdomo wangu huu, kwamba asubuhi nikitembea nanusa mkate, na kwamba labda nimekupenda mpaka pua imeanza kukuota. Ukacheka. Ukanibusu pua, Wilmar!"

"Nilitaka kukwambia siku ile."

"Mbona hukusema?"

"Ungegombana nami."

"Ndiyo! Ningegombana nawe, ningelia, ningekutukana, halafu ningemvua mbwa mkanda kwa sababu ungekuwa umesema kweli. Wenye mabasi wamejua. Muuza magazeti amejua. Mtaa mzima umeniona nikipita na mlinzi nyuma kama mtoto wa chekechea, nami ndiye pekee nisiyejua!"

"Nilikuwa nakulinda."

"Ulikuwa unangoja."

Neno hilo lilimpata. Pumzi ya Wilmar ilikatika, na katika kukatika kule Ofelia akapata jibu aliloliogopa.

"Sema," alisema. "Ulikuwa unangoja nini?"

"Mwambie," alisema Bi Zulma kutoka kwenye kiti chake. "Wewe si mwongo, mwanangu. Usianze ukubwani."

Wilmar alipiga magoti mbele ya Ofelia. Sauti yake ilitoka chini, nzito, kama ngoma yake.

"Nilijua siku mkanda ukivuliwa utakuwa huna pa kwenda. Nikasema siku hiyo atakuja kwangu. Sikumtakia Gofio mabaya, Mungu shahidi. Lakini macho yalikuwa yanakwenda tu, nikayaacha yaende. Nilikuomba mara ngapi uhamie hapa? Kila mara unasema bado, una Gofio, mnatosha. Nikamwonea wivu mbwa. Mbwa niliyemnyonyesha kwa chupa!"

Ofelia alinyosha mkono, akapapasa mpaka akaufikia uso wake. Mashavu yalikuwa yameloa. Alipitisha kidole kwenye nyusi, kwenye pua iliyowahi kuvunjika utotoni, kwenye midomo. Ndivyo alivyokuwa akimtazama. Alimtazama muda mrefu, kwa sababu alikuwa akimuaga.

"Ningekufa leo," alisema.

"Najua."

"Umenifundisha kwamba barabara ni salama, kisha ukashika ngoma yako."

"Na wewe?" Wilmar aliinua kichwa ghafla. "Mbona huzungumzii lako? Ulijua haoni. Ulinificha mimi, ukaificha na shule!"

"Nilijidanganya mwenyewe. Ambaye angekufa ni mimi."

"Na huyu?" aliuliza Bi Zulma.

Gofio alikuwa amelala juu ya miguu ya Ofelia, bado na mkanda wake uliovunjika, analamba mguu wake wenye maumivu.

"Mnagombana nani alimdanganya nani," mama yule alisema. "Huyu je? Ulimwambia mbele, akaenda. Hakukuuliza. Wewe ulimtaka akufanyie kazi asiyoiweza, na mwanangu akamtaka aharibike haraka. Nyote mnadai mnampenda. Mimi ninayelalamikia manyoya yake kwenye kochi ndiye pekee niliyesema leo hii kwamba mbwa huyu haoni."

Hapo ndipo Ofelia alipolia. Hakulia kwa sauti. Aliinama, akafungua kishikizo cha kwanza, kisha cha tumboni. Shuleni walisema siku ya mwisho mkanda uvuliwe na mkono wa mwenye mbwa, si wa mtu mwingine, ili mbwa asidhani ameibiwa kazi yake. Aliuvuta taratibu kupita kichwani. Kwa kawaida Gofio akivuliwa hujikung'uta, masikio yakapiga kama makofi, akaenda kutafuta la kuiba. Safari hii hakujikung'uta. Alisimama kwa miguu mitatu, akasukuma kichwa kwenye goti la Ofelia, akakirudisha tena na tena, akitafuta tundu la kuingiza.

"Basi, mzee," alimnong'oneza. "Umemaliza. Umenifikisha."

Aliusikia mkia ukipiga sakafu, kwa mashaka, mara moja.

"Abaki hapa," alimwambia Bi Zulma. "Nyumba hii aliijua alipokuwa na macho. Hatagonga kitu."

"Atabaki. Soseji nitaziweka juu."

"Na wewe ubaki," Wilmar alisema, bado yuko magotini. "Nipige, nitukane, lakini baki. Tutaanza upya. Nitakwambia kila kitu, hata nikikohoa nitakwambia."

Ewe msomaji, alitaka kubaki. Mkono ulimuuma, goti lilikuwa linavuja damu, na mwanamume aliyempenda kuliko wote alikuwa miguuni pake. Chumba cha mbele kilikuwa na jua asubuhi. Lingekuwa jambo rahisi kama kukaa kitini.

"Nikibaki leo," alisema, "sitajua maisha yangu yote kama nilikupenda au nilikosa pa kwenda. Nawe hutajua. Utakuwa unaniangalia mezani na kujiuliza."

"Mimi sitajiuliza."

"Mimi nitajiuliza."

Alifungua mkoba, akatoa fimbo nyeupe iliyokunjwa. Ilikuwa imekaa humo miaka saba, na vipande vyake vilikataa kuungana mpaka alipovigonga.

"Ofelia, kumeshaanza kuwa giza."

"Kwangu?" alisema, na kwa nukta moja wote watatu karibu wacheke. Hawakucheka.

Mlangoni aligeuza uso.

"Usinifuate. Leo usinifuate, kesho usinifuate. Ukitoka tanurini, nenda ukalale."

"Ukianguka je?"

"Nikianguka nitajua nimeanguka mwenyewe."

"Unaniomba niache kukupenda."

"Nakuomba unipende ukiwa umekaa kwenu," alijibu, akatoka. Nyuma ya mlango Gofio alianza kukwaruza mbao. Alikwaruza mpaka Ofelia akafika kona, na huko nje ngoma zilikuwa zimezimwa, hakuna cha kumzuia asisikie.

*

Jumatatu ilinyesha.

Ofelia alitoka mapema, mkono wa kushoto umefungwa, wa kulia umeshika fimbo. Mabel alikuwa amepiga simu akisema anakuja kumchukua, naye akamwambia asije. Fimbo haijui kitu. Inagonga pipa ndipo inakwambia pipa. Haikwepi, haisimami, haipumui. Watu walimgonga na miavuli, mwingine akamshika kiwiko bila kuomba, akajitoa. Alitembea polepole, akiaibika, akiwa amelowa, na mara mbili mkono wake wa kushoto ulishuka wenyewe kutafuta kichwa chenye manyoya.

Alipofika ukingoni mwa barabara kubwa, karibu na kibanda cha muuza magazeti, alisimama. Mabasi yalipita yakirusha maji. Alivuta pumzi kwa nguvu.

Alinusa mvua. Alinusa petroli, wino wa magazeti, majani machungu ya chai ya yerba katika bilauri ya mtu aliyekuwa akinywa karibu. Akavuta tena. Labda mvua imeizima. Labda amesimama mbali zaidi leo, upande wa upepo.

"Mzee," alimwita muuza magazeti. "Yupo?"

"Nani, binti?"

"Unamjua."

Bilauri iliwekwa juu ya meza. Mzee alichukua muda wake, bila shaka akiangalia barabara yote, huku na kule, kwa sababu alikuwa mtu wa haki.

"Leo hayupo," alisema hatimaye. "Leo uko mwenyewe."

Ndilo alilolidai. Ndilo alilolitaka tangu akiwa na miaka kumi na tisa, barabara isiyo na mtu nyuma yake. Ofelia alimshukuru mzee, akageuza uso kwenye mvua ili asionekane, akasikiliza. Kulia kimya. Kushoto kimya. Alinyosha fimbo, akavuka, akagonga ukingo wa upande wa pili, akapanda. Hakuna aliyeinua mkono, wala dereva aliyepunguza mwendo kwa ajili yake.

Pale juu alisimama, akageuka alikotoka, akangoja kidogo.

Kisha akaenda kazini.